Tetekuwanga ikiingia nyumba moja: nani hasa atengwe?

Mtoto mmoja akitoka vipele vya maji, nyumba hugawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema atengwe: alale peke yake, kikombe chake kiwekwe kando, nduguze wasimkaribie. Upande wa pili, ambao mara nyingi kiongozi wake ni nyanya, unasema walazwe pamoja wote, waambukizane, yaishe mara moja. Hapa Mwembe Tayari, Mombasa, utazisikia hoja zote mbili, pengine chini ya paa moja, kila upande ukiapa kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Mimi naona wote wanagombania mpaka usio wenyewe. Kati ya ndugu na ndugu mambo yameshaamuliwa siku mbili nyuma, kabla hata kipele cha kwanza hakijaonekana. Mpaka unaofaa kulindwa uko kwingine ndani ya nyumba hiyohiyo, na huko hakuna anayetazama.

Tuanze na hesabu ya siku, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Virusi vya tetekuwanga huingia kwa pumzi, na pia kwa kugusa maji ya malengelenge. Vikishaingia hukaa kimya siku 10 hadi 21, aghalabu wiki mbili hivi. Mtoto huanza kuwaambukiza wenzake siku moja au mbili kabla ya vipele, wakati ana uchovu na homa kidogo tu, au hana lolote la kumtia mtu wasiwasi. Huendelea kuambukiza mpaka kila lengelenge likauke na kuwa kigaga, kiasi cha siku 5 hadi 7 tangu upele uanze. Kwa hiyo mama anapomvua mwanawe sare ya shule Jumatatu jioni na kuona vitone vyekundu kifuani, mdogo wake ameshavuta pumzi ileile Jumamosi na Jumapili nzima. Naye atatoka vipele karibu wiki mbili baadaye, mkubwa akiwa amesharudi shule na chuoni, na watu wa nyumbani wameshasahau.

Hapo ndipo familia yenye watoto watatu inapoumia. Wawili waliobaki wakiambukizwa pamoja na yule wa kwanza, shughuli huisha ndani ya wiki tatu au nne. Lakini mmoja akiponyoka mara ya kwanza, akaja kuambukizwa na ndugu wa pili, hesabu inaanza upya, na nyumba itakaa na mgonjwa kwa wiki tano au sita. Kwa mama anayeuza mboga sokoni, au baba anayepakia mizigo kwenye mabasi ya Nairobi na Malindi, kubaki nyumbani kwa zamu muda wote huo ni sawa na kukosa kodi ya mwezi. Ndiyo sababu siwezi kuucheka usemi wa “yaishe mara moja”. Una uchumi ndani yake. Kosa lake liko katika udaktari.

Kiasi cha maambukizi haya ndani ya nyumba kilipimwa zamani. Mwaka 1952 Robert Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida wa familia katika mji mdogo wa Cirencester huko Uingereza, alichapisha katika jarida la Lancet hesabu alizozikusanya kwa wagonjwa wake mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Alitaka kujua: mtoto mmoja akiugua, wangapi kati ya watoto wa nyumba hiyo ambao hawajawahi kuugua wataambukizwa? Kwa surua alipata karibu 76 kati ya 100. Kwa tetekuwanga, 61. Kwa matubwitubwi, 31. Vipimo vya Marekani vya baadaye vilipandisha idadi ya tetekuwanga hadi kukaribia 90 kati ya 100. Ushike wa chini au wa juu, maana yake kwa mzazi haibadiliki: ndugu kuponyoka ni bahati, kuambukizwa ndiyo kawaida.

Na hizo zilikuwa nyumba za Wazungu zenye vyumba vya watoto. Nyumba ya Kiswahili ya upande wa Majengo na Mwembe Tayari ina ukumbi unaopita katikati, vyumba mkono wa kulia na wa kushoto, na uani nyuma penye choo, bafu na mahali pa kupikia. Kila chumba kina familia yake. Ghorofani juu ya maduka hali haipishani sana: vyumba viwili, madirisha ya upande mmoja, watoto watatu kwenye godoro moja na feni inayozungusha hewa ileile usiku kucha. Ukisema “mtenge” katika nyumba hii, unachosema hasa ni “tundika pazia”. Pazia halizuii ugonjwa wa hewa. Kikombe cha peke yake nacho si kibaya, lakini hakigusi njia kuu ya ugonjwa huu.

Basi nyanya ameshinda? La. Kuna jambo moja ambalo wanaotaka watoto walazwe pamoja hawalijui, nalo limethibitishwa hukuhuku Afrika. Mtoto wa kwanza kuugua, aliyeletewa ugonjwa na rafiki wa darasani au wa mchezo wa jioni, kwa kawaida hupata vipele vichache kuliko nduguze wanaomfuata. Nchini Guinea-Bissau, watafiti walifuatilia tetekuwanga majumbani na mwaka 2002 wakachapisha matokeo yanayoeleweka hata na asiyesoma udaktari: kadiri mtoto anavyokuwa karibu zaidi na mgonjwa, ndivyo anavyougua zaidi. Peter Aaby, Mdenmaki aliyekaa miaka mingi katika mitaa ya Bissau, alikuwa ameshaonyesha jambo kama hilo kwa surua: msongamano nyumbani ulielezea vifo ambavyo wengine walivibebesha utapiamlo peke yake. Kinachofikiriwa ni kwamba anayelala ubavuni mwa mgonjwa huvuta virusi vingi kwa mkupuo, na mwili haupati nafasi ya kujipanga.

Kwa hiyo kuwalaza pamoja makusudi ni kumchagulia mdogo tetekuwanga nzito kuliko ya kaka yake. Kumgeuzia kichwa upande wa pili, au kumhamishia godoro chumba cha shangazi, pengine hakutamwokoa asiugue, lakini kunaweza kumpunguzia dozi. Dirisha lililoachwa wazi usiku, mbu watasema yao, pia husaidia. Daktari mzuri naye huufikiria mpangilio huu: dawa ya asaikloviya, ambayo mtoto mwenye afya aliyeugua wa kwanza hahitaji sana, hufikiriwa zaidi kwa ndugu wa pili na wa tatu, na kwa waliovuka miaka 12. Lakini inataka ianzwe ndani ya saa 24 tangu upele kutoka. Mtoto wa kwanza hukosa saa hizo kwa sababu hakuna aliyetarajia. Wa pili hana udhuru huo: tarehe yake inajulikana. Mzazi aliyetia alama kwenye kalenda siku ya vipele vya mkubwa anajua kuanzia lini amkague mdogo kifua na mgongo kila jioni wakati wa kuoga.

Tugeukie sasa mpaka wa kweli. Kwa mtoto mwenye afya wa miaka minne au saba, tetekuwanga ni wiki ya kujikuna. Kwa watu wengine walio chini ya paa hilohilo ni jambo jingine kabisa. Mtu mzima huugua vibaya zaidi, na hatari ya kufa kwake ni zaidi ya mara 20 ya ile ya mtoto, hasa kwa nimonia. Mwanamke mwenye mimba yuko katika hatari hiyo, na ujauzito ukiwa chini ya wiki 20 kuna uwezekano, mdogo lakini wa kweli, wa takriban 1 hadi 2 kati ya 100, mtoto kuzaliwa na makovu, jicho bovu au kiungo kilichodumaa. Mama akitoka vipele kuanzia siku 5 kabla ya kujifungua hadi siku 2 baada yake, kichanga huzaliwa bila kinga ya mama, na ugonjwa unaweza kumuua. Kisha wako wenye VVU ambao kinga imeshuka, walio kwenye matibabu ya saratani, na wanaomeza dawa za steroidi kwa pumu au magonjwa mengine.

Msomaji atasema: lakini watu wazima wote waliugua utotoni. Hilo ni kweli Ulaya. Huku kwetu si kweli sana, na ni moja kati ya mafumbo ya ugonjwa huu. Katika nchi za baridi, kabla ya chanjo, zaidi ya watu 90 kati ya 100 walikuwa wameshaugua kabla ya kubaleghe. Katika nchi nyingi za joto tetekuwanga huchelewa, na vijana wengi hufika utu uzima bila kuipata. Sababu zinazotajwa ni joto, unyevu na mwanga mkali wa jua, ambavyo huua virusi vilivyo kwenye malengelenge na hewani, pamoja na watu kuishi mbalimbali vijijini. Hakuna sababu moja iliyokubaliwa na wote. Lakini matokeo yake yanaonekana kila msichana wa miaka 19 anaposhuka basi Mwembe Tayari akitoka Kitui, Taita au ndani ndani ya Kilifi, kuja kufanya kazi ya yaya. Huyo ndiye atakayewaogesha watoto wenye vipele, atakayewapaka dawa, atakayelala nao chumba kimoja. Akiugua, ataugua kuwashinda wote, na pengine atarudishwa kwao na basi la usiku huku akiwaambukiza abiria. Katika mabishano yote ya atengwe na asitengwe, sijasikia mtu akimuuliza yaya kama aliwahi kuugua.

Hilo ni swali moja. La pili linahusu wapangaji wenzetu. Katika nyumba ya vyumba sita, mwenye mtoto mgonjwa hudhani ni siri yake, na pengine huona aibu, kana kwamba vipele vya mtoto vinasema kitu juu ya usafi wake. Chumba cha pili kuna mwanamwali aliyeolewa juzi, mimba ya miezi mitatu, haijatangazwa. Naye ana siri yake. Mwenye vipele akinyamaza na mwenye mimba akinyamaza, watakutana uani kwenye foleni ya bafu. Kumwambia jirani “mwanangu ana tete” hakugharimu kitu. Mjamzito asiyejua kama aliwahi kuugua anaweza kupimwa damu kuona kama ana kinga, na kuna sindano ya kingamwili ambayo hutolewa ndani ya siku 10 tangu kukutana na mgonjwa. Sindano hiyo si ya kupatikana duka la dawa la pembeni, ni habari ya hospitali kubwa, lakini asiyeambiwa hataiulizia popote.

Kuna mlango mwingine wa kuingilia ugonjwa huu nyumbani, usiofikiriwa kabisa: mzee mwenyewe. Virusi vya tetekuwanga haviondoki mwilini mtu akipona. Hujificha kwenye mizizi ya neva miaka hamsini, sitini, na mwili ukichoka hutoka tena upande mmoja wa kiwiliwili kama mkanda wa malengelenge yenye maumivu makali. Ndio mkanda wa jeshi. Hope-Simpson yuleyule wa Cirencester ndiye aliyelieleza hili vizuri mwaka 1965, baada ya kuwafuatilia wagonjwa wake miaka 16 na kufunga safari mpaka kisiwa kidogo cha Yell, kaskazini kabisa ya Scotland, kuthibitisha kwamba mkanda wa jeshi huzuka kutoka ndani ya mwenye nao, si kwa kuambukizwa na mwingine. Mjukuu hawezi kumpa nyanya mkanda wa jeshi. Nyanya mwenye mkanda wa jeshi anaweza kumpa mjukuu tetekuwanga, ikiwa malengelenge yako wazi na mtoto anayagusa.

Sasa kwa nini jambo hili halizungumzwi? Kwa sababu katika miaka ya 1990 mkanda wa jeshi ulikuwa miongoni mwa dalili ambazo watu walijifunza kuzihusisha na Ukimwi. Daktari aliyemwona kijana nao alishuku, na mtaa ulishuku kabla ya daktari. Tangu hapo anayeupata huuficha chini ya kanga au shati, hata akiwa na umri wa miaka 75, umri ambao mkanda wa jeshi hauhitaji maelezo mengine zaidi ya uzee. Kisha mtoto anatoka vipele na familia inalaumu shule. Lengelenge lililofunikwa kwa nguo au bandeji haliambukizi kirahisi, kwa hiyo hata mwenye kuficha anaweza kuficha kwa manufaa. Cha muhimu ni asimpakate mjukuu akiwa wazi, na asimkaribie mjamzito.

Hofu ya vipele pwani ina mizizi mirefu, nayo ni ndui. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa bahari hii, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia. Oktoba 1977 walipita watoto wawili wagonjwa wakipelekwa kwenye kambi ya karantini, naye akapanda gari kumwelekeza dereva njia, dakika chache tu. Alipougua, kwanza aliambiwa ana malaria. Vipele vilipotoka akaambiwa ni tetekuwanga, akarudishwa nyumbani. Alipona, na Oktoba 1979 Shirika la Afya Duniani likatangaza jijini Nairobi kwamba Pembe ya Afrika imesafika. Maalin alifariki mwaka 2013 akiwa bado katika kazi ya kampeni za chanjo ya polio.

Kosa alilofanyiwa Maalin linaweza kurudi kwa jina jipya. Mwishoni mwa Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza kisa cha kwanza cha mpox nchini Kenya, kilichogunduliwa mpakani Taveta kwa msafiri, na baadaye Mombasa ikawa miongoni mwa kaunti zilizoguswa zaidi. Haishangazi, ukitazama magari yanayotoka bandarini kwenda bara. Tangu hapo kila mtoto mwenye malengelenge hutazamwa kwa jicho la pembeni. Tofauti zipo na zinaonekana kwa macho. Tetekuwanga hutoka kwa mawimbi, kwa hiyo ukimtazama mtoto siku ya tatu utaona pamoja kifuani kwake vitone vyekundu, malengelenge ya maji na vigaga. Hupenda zaidi kifua, mgongo na kichwani kati ya nywele. Vipele vya mpox kwa kawaida hukua kwa pamoja, hatua moja, ni vigumu na vyenye mzizi, hufika viganjani na nyayoni, na tezi za shingo au za kinena huvimba. Lakini macho hudanganya, na watu wengine wamekutwa na yote mawili. Mwenye tezi zilizovimba, au aliyekuwa karibu na mgonjwa wa mpox, apelekwe akapimwe.

Matibabu ya nyumbani sitayakalia sana. Kuoga maji yaliyochemshwa majani ya mwarobaini ni desturi ya mitaa yote ya kisiwa hiki, ya Waswahili na ya Wahindi pia. Maji ya vuguvugu hutuliza mwasho, na mradi hayanywewi sioni ubaya. Ubaya uko katika imani ya kinyume, kwamba mtoto asiguswe na maji mpaka vipele “vitoke vyote”. Ngozi chafu na kucha ndefu ndizo zinazogeuza tetekuwanga kuwa majipu na sumu ya damu, na kati ya watoto wenye afya madhara makubwa mara nyingi hupitia hapo. Kucha zikatwe. Losheni ya kalamaini ipakwe. Homa ipewe panadoli. Aspirini asipewe mtoto hata kidogo, kwa sababu ikichanganyika na tetekuwanga inaweza kuharibu ini na ubongo, na baadhi ya vidonge vya maumivu vinavyouzwa kimoja kimoja madukani vina aspirini ndani. Brufeni nayo iachwe, maana inahusishwa na maambukizi mabaya ya ngozi. Mtoto akipumua kwa shida, akilegea kupita kawaida, au sehemu ya ngozi ikawa nyekundu, moto na yenye kuuma, hapo si shughuli ya nyumbani tena.

Limebaki swali la chanjo, na hapa Kenya ina uamuzi mgumu kuliko unavyoelezwa. Chanjo ipo tangu mwaka 1974. Aliyeitengeneza, Michiaki Takahashi wa Japani, alisukumwa na jambo la nyumbani kwake: mwaka 1964, akiwa Houston, Marekani, mwanawe wa miaka 3 aliugua tetekuwanga vibaya mno, wazazi wakakesha wakihofia maisha yake. Marekani iliianza kwa watoto wote mwaka 1995. Kabla ya hapo ilikuwa ikihesabu takriban wagonjwa milioni 4 na vifo 100 hadi 150 kila mwaka. Uingereza ilisitasita miaka 30 kabla ya kutangaza mwaka 2025 kwamba nayo itaiingiza katika ratiba yake. Kenya haimo. Mpango wa taifa wa chanjo, ulioanza mwaka 1980, una surua na rubela, nimonia, kuhara kwa virusi vya rota na mengineyo, lakini tetekuwanga ni ya hospitali za kulipia, dozi mbili, kila moja maelfu ya shilingi.

Ni rahisi kusema serikali iinunue tu. Lakini Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba nchi isiianze kwa watoto wote kama haiwezi kuwafikia angalau 80 kati ya 100, mwaka baada ya mwaka. Ukiwachanja nusu, ugonjwa hauishi. Hupungua kiasi cha kuwafanya wasiochanjwa wasikutane nao utotoni, wakaja kukutana nao wakiwa na miaka 20 au 25, yaani katika umri ambao nimonia na mimba vinangoja. Katika nchi ambayo dozi ya pili ya surua, iliyo bure, bado huachwa na watoto wengi, onyo hilo si la nadharia.

Kwa hiyo sioni chanjo ya watoto wote ikija Mwembe Tayari karibuni, wala sina hakika kwamba ingefaa kuja nusunusu. Kinachowezekana ni kuitumia kwa uchaguzi. Ndugu ambaye hajaugua akichanjwa ndani ya siku 3 hadi 5 tangu kukutana na mgonjwa, anaweza kuukwepa ugonjwa au kuupata kwa wepesi, ingawa kwa jinsi siku zilivyo, mzazi anayesubiri mpaka vipele vienee amekwisha chelewa. Mwanamke anayepanga kuzaa anaweza kuchanjwa kabla, kwa kuwa chanjo yenyewe ni ya virusi hai na haipewi mjamzito. Na familia yenye uwezo wa kumlipia mtoto wake dozi mbili katika hospitali ya kulipia imfikirie pia yaya. Dozi zake ni zilezile na bei ni ileile. Kinachobadilika ni kwamba zake huachana wiki nne tu, na kwamba yeye ndiye anayeelekea kuugua zaidi.